Kifungu cha 15 na bidoni ya njano: mambo ya kila siku yanatufundisha nini?

Maneno yaliyosemwa mbele ya vijana wa kartie za Goma, mwaka 2022

  Tunajua wamoja wametoka Majengo, wengine Ndosho, wengine Birere, na wako wenye wamekuja kwa mguu kwa sababu ya kukosa franga ya moto. Mukae vizuri. Hatutawachelewesha.

Leo hatutaongea juu ya mikutano ya wakubwa. Hatutaongea juu ya nani amesaini nini na nani, fasi gani. Hayo munayasikia kila asubuhi kwenye redio. Leo tunaongea juu ya bidoni, juu ya kitansi, juu ya noti ya dola yenye kupasuka kidogo pembeni, na juu ya kaye ya likelemba. Mutu anaweza kusema: "Hayo ni mambo madogo, hawa vijana wamekosa ya kusema." Lakini hayo madogo njo tunaishi ndani yake toka asubuhi hadi mangaribi. Na kila siku yanatufundisha kitu, tupende tusipende.

Tuanze na utani ambao wote munaujua: article 15. Kazi hakuna? Article 15. Maji hakuna? Article 15. Mwalimu hajalipwa? Article 15. Maana yake: jitafutie, jipange, kila mutu na akili yake. Wazee wanasimulia kwamba ulitoka Kasai ya Kusini, mwanzo wa miaka ya 1960, kisha ukaenea nchi nzima. Babu zetu walicheka nao, baba zetu wakacheka nao, na sisi tunacheka nao. Ni utani mzuri kwa kweli, maana unaonyesha kwamba Mkongomani hafi na njaa akiwa amekunja mikono. Mama mmoja na beseni ya sambaza analisha watoto 6 na kuwasomesha. Kijana wa chukudu anatelemusha viazi toka juu hadi mjini bila hata lita moja ya esansi. Hiyo ni akili, na tunaiheshimu.

Lakini tuulizane: nani kati yetu amefungua Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 na kusoma kifungu cha 15 cha kweli? Tunaona mikono michache. Basi tuwaambie. Kifungu cha 15 cha Katiba yetu kinasema kwamba mamlaka ya serikali inapaswa kuhakikisha jeuri ya kingono inakomeshwa, ile yenye kutumiwa kama silaha ya kuvuruga au kuvunja familia. Njo hicho. Kifungu kilichowekwa kwa ajili ya mama zetu na dada zetu, baada ya yote yaliyotokea hapa mashariki, sisi tunakijua kama kichekesho cha kujitafutia. Utani umefunika sheria. Na sheria ikishafunikwa, hakuna wa kuidai.

Shikeni hapo, tutarudia.

Bidoni

Tuongee sasa juu ya bidoni. Ile ya njano, ya lita 20, yenye ilikujaga na mafuta ya kupikia. Hakuna nyumba ya Goma isiyokuwa nayo. Tunakaa kando ya Ziwa Kivu, ziwa lenye zaidi ya kilomita mraba 2,000, kina chake kinapita mita 400. Maji tunayaona toka mlangoni. Lakini saa kumi ya usiku watoto wanaamka kwenda kupanga bidoni mstari, na ukifika saa kumi na mbili unaambiwa: "Leo maji haiko, mujaribu kesho."

Tupige hesabu pamoja. Tuseme bidoni moja inauzwa franga 200. Tuseme nyumba ya watu 8 inatumia bidoni 5 kwa siku: kunywa, kupika, kufua, kuoga. Hiyo ni lita 100, hata lita 13 hazifikie kwa mutu mmoja. Ni franga 1,000 kwa siku. Kwa mwaka ni franga 365,000, karibu dola 180 kwa hesabu ya mwaka 2022. Na hapo hatujahesabu saa za kusimama mstari, hatujahesabu masomo ya asubuhi yenye mtoto amekosa, hatujahesabu mgongo wa msichana wa miaka 13 mwenye kubeba kilo 20 kwenye njia ya mawe ya volkano.

Ukimuuliza mzazi: "Mama, ju ya nini mtoto anatoka usiku?" atakujibu: "Tutafanya nini? Njo Kongo yetu." Halafu anaongeza: article 15.

Sasa turudi pale tulipowaambia mushike. Yule msichana anayetoka saa kumi ya usiku, kwenye avenyu yenye haina taa, kuelekea ziwa au bomba la mbali: akikutana na mutu mubaya njiani, hilo si balaa tu. Hapo vifungu viwili vimevunjwa kwa wakati mmoja. Kifungu cha 48 kinasema kwamba haki ya kupata maji ya kunywa na umeme inahakikishwa. Kingekuwa kinatimizwa, mtoto angekuwa amelala, na kama angetoka, angetoka kwenye mwanga. Kifungu cha 15 nacho kinasema alindwe. Sisi tunavichukua vyote viwili, tunavitia ndani ya utani, tunasema: ajipange.

Hatulaumu mzazi. Mzazi anataka chakula kiive. Tunasema tu kwamba bidoni imetufundisha vibaya. Imetufundisha kwamba maji ni shida ya kila nyumba peke yake. Mwenye franga ananunua tangi, mwenye franga nyingi zaidi analeta kamio ya maji, asiye nayo anatuma mtoto. Kila mmoja ametatua shida yake, na kesho asubuhi shida iko palepale, bei imepanda.

Kitansi

Tuje kwenye jambo la pili. Mumepita wote kwenye ile kamba iliyovutwa barabarani. Motari anasimama. Mwenye kamba anaangalia plaki, anaangalia kofia, anaangalia uso wa mteja. Karatasi zote ziko sawa. "Sawa, lakini utuachie kitu." Madesu ya bana. Motari anatoa franga 500, kamba inashuka, safari inaendelea. Mama wa soko naye anapitiwa asubuhi na mutu wa kwanza, saa nne na mutu wa pili, saa nane na wa tatu, kila mmoja na jina lake la kodi. Akiomba karatasi anaambiwa: "Wewe leta franga, mambo ya karatasi ya nini?"

Kifungu cha 174 cha Katiba kinasema kodi haiwezi kuwekwa isipokuwa kwa sheria. Kifungu kilekile kinasema pia kwamba kuchangia gharama za taifa ni wajibu wa kila mutu anayeishi Kongo. Musikie vizuri: vyote viwili viko pamoja. Hatusemi watu wasilipe. Tunasema watu walipe kile kilicho kwenye sheria, na wapewe kitansi.

Ju ya nini kitansi ni kitu kikubwa hivyo? Kwa sababu franga yenye iko na kitansi inaweza kufuatwa. Unaweza kuuliza: iliingia wapi, ikatoka wapi, ilijenga nini? Franga isiyokuwa na kitansi imekufa palepale ndani ya mfuko. Tunalalamika kwamba barabara ya kartie haina kanivo, kwamba mvua ikinyesha maji yanaingia nyumbani. Kumbe asubuhi ileile tumelipa mara tatu, na hakuna hata mara moja ambapo ile franga ilifika kwenye sanduku la taifa.

Kuna jambo lingine baya kuliko franga. Kila mara tunapotoa bila kuuliza, tunajizoeza kunyamaza. Mutu aliyejizoeza kunyamaza mbele ya franga 500 miaka 10, atapata wapi sauti siku watakapouza kiwanja cha shule ya watoto wake?

Noti ya dola

Sasa munaanza kukunja uso. Tuwape jambo la kuwachekesha, lakini nalo liko na somo.

Unaenda kwa wakambisti na noti ya dola 20. Kambiste anaishika, anaigeuza, anaivuta kwenye jua. "Ndugu, hii iko imepasuka." Unaangalia: mpasuko wenyewe ni mdogo kama jino la mtoto. Unaenda kwa wa pili, anakataa. Wa tatu, anakataa. Kwenye duka wanakataa. Ile ya dola 1 ndiyo kabisa, hata ikiwa mpya, wengine hawataki kuiona. Kule Marekani, kwenye nchi ya ile noti, wangeipokea bila neno. Hapa Goma, imekufa.

Tuulizane: nani aliamua? Ulifanyika mkutano gani? Nani alipita na megafoni akisema kuanzia leo noti yenye mpasuko isipokelewe? Sisi hatukumbuki mkutano kama huo. Kambiste anakataa kwa sababu anajua mwingine ataikataa. Mama wa duka anakataa kwa sababu anajua kambiste ataikataa. Mji mzima, watu zaidi ya milioni moja, wamekubaliana juu ya jambo moja bila kiongozi, bila bajeti, bila tisheti, na hakuna anayevunja.

Hapo tunataka mufikirie kidogo. Wanatuambiaga kila siku: "Wakongomani hawawezi kushikamana, kila mutu na tumbo lake." Uongo. Tunajua kukataa pamoja. Kila siku tunaikataa noti ya dola 20 yenye kasoro ndogo, tena kwa ukali. Lakini mutu akija na kodi isiyokuwa na karatasi, yenye imepasuka toka juu hadi chini, hiyo tunaipokea. Siku wanyororo wa pale sokoni utakapokuwa namna hii: mama wa kwanza anauliza kitansi kwa sababu anajua wa pili ataiuliza, na wa pili kwa sababu anajua wa tatu ataiuliza, siku hiyo yule wa kukusanya bila karatasi atakuwa kama noti ya dola 1. Atazunguka soko nzima bila kupata mteja.

Kaye ya likelemba

Somo la nne tunalipata kwa mama zetu. Jumapili nyuma ya misa au kultu, mama 15 wanakaa uani. Kila mmoja anatoa franga yake mbele ya wote. Mmoja anahesabu, wa pili anahesabu tena, wa tatu anaandika kwenye kaye. Anayepokea leo anajulikana toka zamani. Mwenye hajatoa anasema sababu mbele ya wenzake. Hakuna polisi hapo, na mara nyingi hata mwenye diploma hakuna. Lakini jaribu kuiba franga ya likelemba, uone kama utakaa kartie ile wiki mbili.

Wakubwa wanapenda neno "redevabilité". Wanalitamka kwenye seminari, kwenye hoteli zenye maji ya bomba. Mama zetu hawalitamki, lakini wanalifanya kila wiki: kuhesabu mbele ya watu, kuandika, kusoma tena kwa sauti. Kama kaye moja inaweza kulinda franga ya mama 15, ju ya nini tusifungue kaye kwa ajili ya maji, kwa ajili ya barabara, kwa ajili ya shule?

Na musiseme kwamba tunajua kusaidiana kwenye likelemba tu. Mukumbuke siku za volkano. Jumamosi tarehe 22 Mei 2021, mangaribi, mbingu imekuwa nyekundu, Nyiragongo imefunguka. Siku tano nyuma yake, asubuhi ya tarehe 27, tumeambiwa tutoke. Tumetembea kuelekea Sake, kuelekea Minova, wengine wamevuka Rwanda, na magodoro kichwani na watoto mgongoni. Nani alitupokea? Watu wenye nyumba ya vyumba viwili wamefungua chumba kimoja. Mutu hakuulizwa kabila. Hakuulizwa kanisa. Aliulizwa: "Muko wangapi? Mumekula?"

Kwa hiyo umoja tuko nao. Shida ni kwamba tunautoa siku ya moto na siku ya kilio, kisha tunaurudisha kabatini. Volkano ikishatulia, kila mmoja anashika tena bidoni yake. Lakini kukosa maji ni volkano ya polepole. Haina moshi wala haitoi sauti, na kila mwaka inachukua watoto na kipindupindu, moja moja, nyumba kwa nyumba, na hakuna anayekimbia.

"Sisi tunatafuta ya kula"

Tunajua kuna wenye wanasema kimoyomoyo: "Nyinyi muko na wakati. Sisi tunaishi au taux du jour. Nikisimama kuuliza kitansi, nani atanipikia?" Hilo ni neno la kweli na hatutalikimbia. Mutu anayekula alichopata leo hawezi kupoteza siku nzima kwenye ofisi. Na motari anayebisha peke yake mbele ya kamba anaweza kupokonywa ufunguo, moto ikalala kwao siku tatu. Tunajua pia kwamba Mei 2021 tuliwekwa chini ya état de siège, na toka hapo kutoka barabarani na mabango kumekuwa na bei kubwa kuliko zamani.

Kwa hiyo hatuwaombi mufanye ushujaa wa mutu mmoja. Mutu mmoja mwenye kubisha ni kichwa ngumu. Motari 10 wenye kusimama pamoja na kuuliza kitansi kwa adabu, bila matusi, bila jiwe, ni neno lingine kabisa. Kuna gharama, ndiyo. Lakini tumeshapiga hesabu ya gharama ya kunyamaza: franga 365,000 kwa mwaka kwa maji peke yake, na mtoto gizani.

Tunafanya nini toka leo

Tunapendekeza mambo matatu.

La kwanza, kila avenyu ifungue kaye ya maji. Vijana wawili waishike, mmoja mvulana na mmoja msichana. Kila siku muandike: maji imekuja au haijakuja, saa ngapi, bidoni imeuzwa bei gani, mtoto wa mwisho ametoka nyumbani saa ngapi ya usiku. Musiandike maneno ya hasira, andikeni tarehe na hesabu. Nyuma ya mwezi mmoja, hakuna ofisa atakayewaambia kwamba munatia chumvi.

La pili, kwenye soko na kwenye parking za moto, watu wakubaliane kwa vikundi vya 10 au 20: tunalipa kilicho halali, na tunauliza karatasi. Mutu akinyimwa karatasi, aandike siku, saa, fasi, na kiasi. Musimpigie mutu kelele. Muandike tu, na muandike wote.

La tatu ni hili, na wengi hawalijui. Kifungu cha 27 cha Katiba kinasema kila Mkongomani anaweza kuandikia mamlaka ombi, peke yake au pamoja na wenzake, na mamlaka inapaswa kujibu ndani ya miezi 3. Tena kinasema hakuna mutu wa kushitakiwa kwa sababu ya kufanya hivyo. Miezi 3! Sisi tumezoea kulalamika miaka 30 kwa mutu asiyetusikia. Basi tuchukue kaye ya maji ya mwezi mmoja, tuandike ukurasa mmoja juu yake, tuweke majina na saini za avenyu nzima. Tufanye nakala mbili. Moja tuiache ofisini, nyingine tuigongeshe mhuri wa kupokelewa na tarehe, turudi nayo. Kisha tuitundike mahali watu wanapita, na tuanze kuhesabu siku: 90, 89, 88. Kama jibu limekuja, tutalisoma pamoja. Kama halijaja, kila mutu wa kartie atajua kwa macho yake kwamba siku zimekwisha na nani hajajibu, na hapo tutakuwa na haki ya kuongea kwa sauti kubwa zaidi.

Kuna atakayesema karatasi haileti maji. Ni kweli, bomba njo linaleta maji. Lakini bomba halifiki kwa watu wasiojulikana kwamba wanakosa. Na mutu akiomba kura zetu kesho, tutakuwa na kaye ya kumuwekea mezani badala ya kupokea tisheti na kilo ya chumvi.

Utani wa article 15 tuendelee kucheka nao kama munapenda, sisi ni Wakongomani, kicheko ni chetu. Lakini mtoto akiwauliza article 15 ni nini, mumwambie kwanza ile ya Katiba. Mumwambie: ni kifungu chenye kusema dada yako alindwe. Kisha mumwambie ya 27, ya 48 na ya 174. Ni namba nne tu. Mutu anayejua kwa kichwa namba za wachezaji wote wa Mazembe hawezi kushindwa na namba nne.

Kaye ziko pale karibu na mlango, moja kwa kila avenyu, na kalamu ndani. Wawili wa kila avenyu wachukue yao, waandike jina la avenyu juu ya ganda kabla ya kutoka. Ukurasa wa kwanza ni wa kesho asubuhi. Nyuma ya mwezi mmoja tutakutana hapa tuzisome kwa sauti, mbele ya wote, kama mama zetu wanavyosoma ya likelemba.